Ubavu wa ndege, kalipa yangu na tarakimu nne

Samahani kwa kimya cha wiki sita. Sikuwa mgonjwa wala sijachoka kuandika. Nilikuwa napima kipande cha bati. Ndiyo, wiki sita, kipande kimoja.

Kisa chenyewe ni hiki. Kuna mzee mmoja fundi wa ndege aliyefanya kazi miaka mingi katika karakana za uwanja wa Wilson hapa Nairobi, na siku hizi anafundisha vijana ufundi huo huo. Aliniomba nimtengenezee modeli ya kompyuta, yenye pande zote tatu, ya bawa la Cessna 172. Anataka wanafunzi wake walifungue kwenye skrini, waling'oe ngozi, waone kilichomo ndani, kwa sababu hana bawa zima la kukata vipande mbele yao. Kwa kuanzia alinipa ubavu mmoja, ile sehemu ya mbele yenye pua, kutoka ndege iliyokwisha kustaafishwa.

Kwa ambao hawajawahi kuona bawa likiwa uchi: ndani yake kuna boriti ndefu inayotoka kwenye mwili wa ndege kuelekea nchani. Mbavu zimeikingama boriti hiyo moja baada ya nyingine, na hizo ndizo zinazolipa bawa umbo lake. Kisha bati jembamba la alumini, ambalo mafundi huliita ngozi, hulazwa juu na kufungwa kwa riveti. Ubavu ukikosea umbo, ngozi nayo hukosea, na hewa haisamehi.

Mimi na digrii yangu ya sayansi ya kompyuta (tarakilishi, kwa wale mliokuwa na mwalimu mkali wa Kiswahili) nikaona hiyo ni kazi ya wikendi moja. Nikanunua kalipa ya dijitali, nikapima nukta 60 kuzunguka ukingo wa ubavu, nikaziingiza kwenye programu na kuiamuru ipitishe mstari katika kila nukta. Ikanitii. Matokeo yalifanana na barabara ya murram baada ya mvua za Aprili. Sikukata tamaa, nikachapisha umbo hilo kwa ukubwa wake halisi, nikakata kadibodi, nikapanda matatu kwenda kwa mzee.

Mzee akaingia stoo akatoka na ubavu mwingine, pacha wa ule alionipa, kutoka bawa la upande wa pili. Akaigeuza kadibodi yangu na kuilaza juu yake. Nyuma, panapofungwa kwenye boriti, ilipotoka kwa milimita nne nzima.

Hakucheka. Aliniuliza maswali matatu. "Kijana wangu, aliyeichora ndege hii alikuwa anahesabu kwa inchi au kwa milimita? Kabla ya kupima, uliangalia kama ubavu wenyewe umepinda? Na umbo hili, unadhani aliyelichora alilipata kwa kupanga nukta sitini?"

Nikamwambia, "Mzee, hata moja sijui."

"Basi nenda ukajue, halafu ndio upime."

Nikarudi nyumbani nimenyong'onyea, nikaacha kalipa mezani, nikaanza kusoma. Niliyoyakuta ndiyo nataka kuwasimulia leo, kwa sababu kumbe kosa langu ni la zamani sana na waliolifanya kabla yangu ni watu wakubwa kunishinda.

Nianze na lugha yetu ya waandika programu. Ukiandika programu, unaipitisha kwenye kompaila na inatoka faili ya sifuri na moja. Mtu akikupa faili hiyo bila msimbo wake wa awali, unaweza kuisoma baiti kwa baiti, lakini majina ya vigeu yamepotea, maelezo yamepotea, na hujui kwa nini mwandishi aliweka 86400 mahali fulani (ni sekunde za siku moja, lakini faili haisemi hivyo). Kipande cha ndege ni faili ya namna hiyo. Msimbo wake ulikuwa kichwani mwa mchoraji na kwenye karatasi zake. Ukipima kipande unapata baiti tu.

Zamani, msimbo huo ulikuwa sakafuni. Mafundi wa meli huko Ulaya walikuwa na darini kwao sakafu pana, na juu yake walichora mbavu za meli kwa ukubwa wake kamili. Ili kupata mstari uliopinda vizuri walitumia ufito mwembamba wa mbao, wakaukunja kwenye nukta chache na kuukandamiza kwa vizito vya madini ya risasi. Ufito una tabia moja nzuri: haupendi kukunjika ghafla. Ukiuacha ujipange wenyewe kati ya kizito na kizito, unatoa mkunjo laini usio na mawimbi. Viwanda vya ndege viliurithi ufundi huo mzima mzima, fito na vizito vyake. Hata neno wanalotumia wachoraji wa kompyuta wa leo kwa mstari laini wa kihesabu ni jina la ule ufito.

Lakini ufito una aibu zake. Mkunjo upo sakafuni tu, hauwezi kuutuma kwa barua. Ukitaka kiwanda cha pili kiwe na mkunjo huo huo lazima unakili, na kila nakala inaongeza unene wa penseli. Karatasi nayo hunywa unyevu ikatanuka, ndiyo maana viwanda vya ndege vilichora juu ya mabati yaliyopakwa rangi. Tena mafundi wawili wakipewa nukta zile zile na fito mbili tofauti, hawapati mkunjo mmoja.

Aliyeutoa msimbo sakafuni na kuuweka kwenye namba ni Mmarekani mmoja aliyeitwa Roy Liming, wa kampuni ya North American Aviation huko California. Chukua karoti. Ikate moja kwa moja, unapata duara. Ikate kwa mshazari, unapata duaradufu. Endelea kuzidisha mshazari, unapata mikunjo iliyo wazi upande mmoja, kama parabola. Familia hiyo ya mikunjo ilijulikana kwa Wagiriki wa kale, na kila mmoja una mlingano mfupi. Liming alionyesha kwamba mwili wa ndege unaweza kuelezwa kwa mikunjo hiyo. Unataja mwanzo, mwisho, mwelekeo wa mstari kwenye kila ncha, na nukta moja ya katikati inayosema mkunjo utune kiasi gani. Basi. Sehemu nyingine yoyote ya mkunjo huo, fundi anaikokotoa kwa mashine ya hesabu ya mezani.

Ndege iliyofaidika ni P-51 Mustang. Waingereza waliiagiza mwaka 1940, na mwili wa ile ya kwanza kabisa ukatolewa kiwandani tarehe 9 Septemba mwaka huo, siku 102 tu baada ya agizo, bado ukisubiri injini. Iliruka tarehe 26 Oktoba. Sisemi hesabu za Liming peke yake ndizo zilizoleta kasi hiyo, watu wale walifanya kazi usiku na mchana. Ila hebu fikiria kiwanda ambapo mtu wa mkia na mtu wa pua hawahitaji kugombania sakafu moja, kila mmoja ana mlingano wake na mahali pa kukutana panajulikana hadi tarakimu ya tatu baada ya nukta. Mwaka 1944 Liming alichapisha kitabu cha hesabu hizo.

Sasa shika hapo, kwa sababu mwaka huo huo wa 1944, upande wa pili wa dunia, lilianza jambo la kinyume kabisa: watu waliopata ndege bila msimbo.

Wamarekani walikuwa wakiishambulia Japani kwa ndege kubwa ya mabomu, B-29, mojawapo ya mashine ngumu kuliko zote zilizowahi kuundwa hadi wakati huo. Kati ya Julai na Novemba 1944, tatu kati yake zilizopata hitilafu au kuharibiwa vitani zilitua upande wa Vladivostok, katika Muungano wa Sovieti. Sovieti wakati huo haikuwa vitani na Japani, kwa hiyo ikazizuia. Stalin alikuwa ameshaomba kupewa B-29 na kunyimwa. Sasa zimemjia zenyewe. Mwaka 1945 akamwamuru Andrei Tupolev atengeneze nakala.

Inafaa kumjua Tupolev ili kuelewa yaliyofuata. Alikuwa mhandisi mkubwa wa ndege wa nchi ile, lakini mwaka 1937 alikamatwa na polisi wa siri, na kwa miaka kadhaa alichora ndege akiwa mfungwa, hadi alipoachiwa mwaka 1941. Mtu kama huyo akiambiwa "nakili", haulizi kama anaruhusiwa kuboresha.

Ndege zikapelekwa Moscow. Moja ilifumuliwa yote, kipande kwa kipande. Ya pili ilitumika kufundishia marubani. Ya tatu iliachwa nzima ili watu waende kuitazama wakikwama. Kila kipande kilichong'olewa kilipimwa, kikapigwa picha, kikaandikwa, kikachorwa upya. Vipande vinavyotajwa ni zaidi ya laki moja.

Hapo ndipo walipogongana na swali la kwanza la mzee wangu. Ngozi ya B-29 katika sehemu nyingi ilikuwa na unene wa inchi moja ya kumi na sita. Kwa milimita hiyo ni 1.5875. Viwanda vya Sovieti vilitoa mabati kwa milimita, hakukuwa na bati la 1.5875 mahali popote nchini, na hakuna aliyekuwa tayari kujenga mtambo wa kulitoa. Ukichukua bati nene kidogo, ndege nzima inazidi uzito. Ukichukua jembamba kidogo, unapunguza nguvu. Na hilo lilihusu ngozi peke yake. Nyaya za umeme, mabomba, skrubu, kila kitu kilichokuwa namba nzima kwa mwenyewe kiligeuka namba ya ajabu kwa aliyepima.

Suluhisho lao ndilo lililonifanya niache kusoma na kwenda kuchemsha chai. Ilibidi wahandisi warudi nyuma, wakokotoe upya kila sehemu inabeba mzigo gani, kisha wachague bati la milimita linalofaa mahali pale, pengine nene kuliko la Mmarekani, pengine jembamba, kati ya 0.8 na 1.8. Yaani ili kunakili, iliwabidi wafikirie tena yale aliyoyafikiria mchoraji wa kwanza. Kipimo kiliwaambia bati lina unene gani. Kwa nini lina unene huo, hilo walilitafuta wenyewe.

Nakala ilipewa jina la Tu-4 na ikaruka mara ya kwanza tarehe 19 Mei 1947. Tarehe 3 Agosti mwaka huo wageni waliokuwa wakitazama maonyesho ya ndege ya Tushino waliona ndege tatu za aina hiyo zikipita. Tatu! Mtu angeweza kujisemea, hizo ni zile zile zilizotua Vladivostok. Kisha ikapita ya nne, ya abiria, iliyojengwa kwa sehemu za aina ile ile, na hesabu ikakataa. Zilitengenezwa zaidi ya 800.

Kuna hadithi ambayo hupenda kusimuliwa kwamba katika ndege ile moja kulikuwa na tundu dogo lililotobolewa kwa bahati mbaya kiwandani Marekani, na Warusi wakalinakili kwa uaminifu katika zote. Wengine husema ni kiraka, wengine husema ni rangi. Kila msimulizi ana toleo lake, kwa hiyo mimi naichukulia kama utani wa mafundi. Lakini lishike hilo tundu, nitalirudia.

Baada ya vita vyombo vya kupimia vilibadilika. Miaka ya 1950 kampuni ya Ferranti kule Uskochi ilitengeneza mashine ya kupima nukta kwa namba, na baadaye zikaja za namba tatu: meza nzito, mkono unaosogea mbele na nyuma, kulia na kushoto, juu na chini, na mwisho wa mkono kuna kidole kigumu. Unagusisha kidole kwenye kipande, unasoma x, y na z. Kalipa yangu ni mjukuu maskini wa ukoo huo.

Kidole kigumu kina taabu yake, na kisa cha kuiondoa kinatoka moja kwa moja kwenye ndege. Mwaka 1972 mhandisi David McMurtry alikuwa Rolls-Royce huko Bristol, Uingereza, wakati wa injini za Olympus za Concorde. Kulikuwa na mabomba membamba ya mafuta yaliyohitaji kupimwa kwa usahihi. Ukiyagusa kwa kidole kigumu yanasukumika, na unachopima ni bomba lililosukumwa wala si bomba lenyewe. (Wale mnaoweka mistari ya kuchapisha katikati ya msimbo ili kusaka hitilafu, na hitilafu inatoweka, mnanielewa.)

McMurtry akabuni kidole kinachokubali kusukumwa. Ndani yake kuna vijiti vitatu, kila kimoja kimekaa juu ya vigololi viwili, jumla migusano sita, na chemchemi ndogo inavikandamiza. Umeme unapita katika migusano yote. Ncha ikigusa kitu kwa wepesi tu, kijiti kimoja kinaanza kuinuka, umeme unabadilika, na papo hapo mashine inaandika mkono uko wapi. Ukiondoa mkono, vijiti vinarudi kukaa pale pale vilipokuwa, kwa usahihi mdogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Mwaka uliofuata, 1973, yeye na John Deer walianzisha kampuni ya Renishaw kuuza kidole hicho, na kikaenea viwandani kote duniani.

Kuna jambo hapo la kuwachekesha waandika programu. Ncha ya kidole ni kigololi kidogo, mara nyingi cha rubi. Mashine inajua kitovu cha kigololi kilipo, haijui uso wa kipande ulipo. Ili kupata uso lazima utoe nusu kipenyo, lakini kuelekea upande gani? Kuelekea uso, ambao ndio kwanza unautafuta. Kwa hiyo hata mashine bora inahitaji kudhani kwanza uso umekaaje, ndipo iseme uko wapi.

Kompyuta nazo zilikuja, na sehemu hii nitaipitia haraka kwa kuwa nyingi yake mnaijua. Hesabu za mikunjo huru zilikomaa Ufaransa, tena kwenye magari: Paul de Casteljau wa Citroën alizipata mwaka 1959 lakini kampuni ikazificha, na Pierre Bézier wa Renault akazitangaza, basi jina likawa la Bézier. Herufi unazosoma hapa zimechorwa kwa mikunjo ya ukoo huo. Kampuni ya ndege ya Dassault ikaandika programu yake ya kuchora pande tatu mwishoni mwa miaka ya 1970, ikaitwa CATIA, na mwaka 1981 ikaiundia kampuni yake. Boeing walipoamua kutengeneza 777 mwaka 1990, waliichora yote kwa CATIA na kuiunganisha ndani ya kompyuta kabla ya kuiunganisha kwa chuma. Zamani walikuwa wakijenga sanamu ya ndege nzima ili kuona kama bomba linagonga waya. Safari hii walijenga sehemu ya pua tu kuhakikisha, wakaridhika. Ndege ya kwanza ilipounganishwa, Boeing walisema ilikosa mstari kwa inchi 0.023, kama nusu milimita na ushee, wakati kawaida ilikuwa hadi nusu inchi. Iliruka tarehe 12 Juni 1994. Kenya Airways walianza kurusha zao mwaka 2004, na baadhi yenu mlipanda bila kujua mmekaa ndani ya faili.

Kwa 777 msimbo upo. Mwenye swali anafungua faili. Taabu ni ya ndege za kabla yake, na hizo ni nyingi sana angani na katika makumbusho.

Mfano ninaoupenda ni wa Me 262, ndege ya kivita ya jeti ya Wajerumani. Mwaka 1993 kikundi kimoja huko Texas kilianza mradi wa kujenga tano mpya. Walipewa ruhusa ya kuifumua ndege halisi iliyokuwa ikichakaa kwa mvua na jua katika kituo cha jeshi la wanamaji la Marekani kule Willow Grove, Pennsylvania, kwa sharti kwamba wairudishe ikiwa imekarabatiwa. Mradi ulihamia Everett, jimbo la Washington, na nakala ya kwanza ikaruka tarehe 20 Desemba 2002. Angalia tofauti yao na Tupolev. Injini za asili, Jumo 004, zilikuwa zinachoka baada ya saa chache mno za kazi, kwa hiyo hawa jamaa waliweka injini za Kimarekani za J85, ndogo na za kuaminika, wakazificha ndani ya maumbo yanayofanana na injini za zamani. Hawakuwa na Stalin mgongoni. Waliweza kujiuliza kila kipande kilikuwa cha kazi gani, kisha kuamua.

Siku hizi kuna skana za leza zinazokusanya mamilioni ya nukta kwa dakika chache, wenyewe huita wingu la nukta. Niliwahi kudhani ningekuwa na skana hiyo ningemaliza kazi ya mzee kwa siku moja. Sasa naona ningemletea kosa lile lile, ila lenye nukta milioni badala ya 60.

Basi nikarudi kwa ubavu wangu na maswali matatu.

La inchi lilikuwa jepesi. Matundu ya riveti niliyapima 3.2, 3.3, 3.25, 3.28, nami nilikuwa nimeandika kila moja kama lilivyo, kila tundu na kipenyo chake! Cessna ni ya Wamarekani. Riveti ya inchi moja ya nane hutobolewa kwa keekee namba 30, ambayo ni inchi 0.1285, yaani milimita 3.264. Tundu ni moja tu, limeandikwa mara nyingi. Nikafuta namba zangu zote nikaweka hiyo.

La kupinda nililijua nilipolaza ubavu juu ya kioo cha meza. Nyuma umeinama. Pengine ulipong'olewa, pengine kuna mtu aliukanyaga.

La tatu ndilo lililonipa furaha. Mwaka 1933 watafiti wa Marekani katika maabara ya Langley, wakiongozwa na Eastman Jacobs, walichapisha ripoti ya maumbo 78 ya mabawa waliyoyapima kwenye handaki la upepo. Maumbo hayo yote yanatoka kwenye fomula moja, na kila moja hutajwa kwa tarakimu nne. Bawa la Cessna 172 linatokana na umbo namba 2412. Tarakimu ya kwanza: mgongo umepinda kwa asilimia 2 ya upana wa bawa. Ya pili: mkunjo huo unafika kilele kwenye asilimia 40 ya upana, ukihesabu kutoka puani. Mbili za mwisho: unene mkubwa kabisa ni asilimia 12. Karibu na mwili wa ndege upana wa bawa ni inchi 64, yaani milimita 1625.6. Fomula hiyo hiyo inatoa hata duara la pua, nusu kipenyo chake kinakuja kama milimita 25.8. Nukta zangu 60 na mawimbi yake yote zilikuwa zikijaribu kusema 2412 na 64.

Nikaandika programu fupi, kama mistari 40. Inachora umbo la 2412, kisha inasogeza na kuzungusha nukta zangu hadi jumla ya miraba ya makosa iwe ndogo kabisa. Nilitupa nukta za sehemu iliyoinama. Zilizobaki zikakaa, lakini zote zilikuwa ndani ya mstari kwa karibu nusu milimita. Zote! Nilisaka hitilafu kwenye msimbo siku mbili. Mwishowe nikampigia mzee simu.

"Mzee, ubavu ni mdogo kuliko fomula. Pande zote."

"Na ngozi umeiweka wapi?"

Nilinyamaza. Fomula ni ya umbo la nje, linalokutana na hewa. Ubavu umekaa chini ya bati, na bati la inchi 0.020 ni milimita 0.508.

Jumamosi iliyopita nilimpelekea kadibodi ya pili. Akailaza juu ya ule ubavu pacha, akapitisha kidole ukingoni kote, akaita wanafunzi wawili waje waone. Kisha akagusa tundu moja kwenye kadibodi, karibu na boriti, ambalo nililipima kwa makini na kulihamisha kama lilivyo. Kwenye ubavu pacha tundu hilo halipo.

"Hili ni letu," akasema. "Lilitobolewa hapa Wilson, kuna waya ulipitishwa."

Nimemwuliza kama nilifute. Amesema niliache, ila liwe kwenye tabaka lake peke yake, lenye jina, ili mwanafunzi aweze kulizima. Faili na ule msimbo wa mistari 40 nitaviweka hapa wiki ijayo, stima ikiruhusu. Bado mbavu za nchani, ambako bawa linapungua upana, na hizo sijaanza.